Shingo Iliyopinda Haina Jini

Kijana ametoka hospitali Alhamisi. Sauti zilizokuwa zikimtukana usiku kucha zimepungua, amekula, amelala, na shangazi yake ameshaanza kuwapigia ndugu simu kuwaambia kuwa mtoto sasa anaeleweka. Jumamosi jioni, akiwa ameketi barazani, shingo yake inaanza kuvutika upande wa kushoto kama iliyoshikwa na mkono usioonekana. Anajaribu kuirudisha, inagoma. Macho yanapanda juu na kubaki huko huko. Ulimi unakuwa mzito, maneno hayatoki, udenda unamchuruzika kifuani. Akili yake iko timamu, tena anasikia kila linalosemwa. Na linalosemwa ni kwamba jini lililofukuzwa hospitali limerudi, safari hii na wenzake.

Kisa hiki hakina mwenyewe mmoja. Muuguzi aliyekaa miaka miwili mitatu kwenye wodi au kliniki ya afya ya akili, iwe Dodoma, Tanga, Unguja au Mombasa, ana toleo lake la kusimulia: huyu alipelekwa kwa mganga, yule akaombewa hadi alfajiri, mwingine akafikishwa zahanati ikadhaniwa ni pepopunda. Jini halimo. Kilichomo ni haloperidoli, kidonge kidogo ambacho kijana alianzishiwa wiki hiyo hiyo na ambacho, kwa upande wa zile sauti, kinafanya kazi yake vizuri.

Dawa nyingi zinazotuliza saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo, huziba vipokezi vya dopamini ndani ya ubongo. Dopamini ni kemikali ambayo seli za neva hupelekeana habari kwayo. Shida ni kwamba kemikali hiyo hiyo, katika eneo jingine la ubongo, ndiyo inayosimamia mwendo wa misuli, na dawa haijui kubagua. Inaziba huku na huku. Misuli ya shingo, ya macho, ya taya au ya ulimi inakaza bila mwenyewe kutaka. Mara nyingi hutokea siku chache tu baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi, na vijana wa kiume ndio wanaoathirika zaidi. Sindano ya promethazini au biperideni huilegeza kwa muda wa nusu saa hivi, pengine hata dakika kumi. Hatari kubwa ni pale mkazo unaposhuka kooni na kubana njia ya hewa. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke.

Daktari aliyeandika dozi hakuwepo barazani Jumamosi. Hata wodini hukutana na mgonjwa dakika chache za raundi, kisha huyo, kuna vitanda vingine. Anayebaki ni muuguzi, zamu baada ya zamu, na yeye ndiye anayepambana na tabia moja ya dawa za akili isiyoandikwa kwenye boksi: madhara yake hupenda kuvaa sura za vitu vingine. Hufanana na jini, na malaria, na mimba, na uvivu. Baya zaidi, hufanana na ugonjwa wenyewe.

Kabla dawa hizi hazijakuwepo, uuguzi wa akili ulikuwa kazi ya mikono yenye nguvu na shada la funguo. Hospitali ya Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili. Mathari ya Nairobi ilianza 1910, Mirembe ya Dodoma 1927. Kwa miongo kadhaa walichoweza kutoa ni ukuta, chakula na kazi ya shamba. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walitoa taarifa za wagonjwa waliotulizwa na klopromazini, dawa iliyokuwa imejaribiwa kwanza kwa watu wa upasuaji. Mwaka 1958 ikafuata haloperidoli, kutoka maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji. Makelele ya wodi yakashuka, na kazi ya muuguzi ikahama kutoka kumshika mgonjwa hadi kumwangalia.

Kumwangalia ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Chukua mgonjwa asiyetulia. Anatembea korido kutoka mlangoni hadi dirishani, anakaa, anainuka kabla kiti hakijapata joto, akisimama anabadilisha mguu huu na huu kama anayekanyaga mchanga wa saa sita mchana. Ukimuuliza anasema anajisikia vibaya tu. Kwa jicho la haraka huyu amechafukwa upya. Ripoti ya zamu ikiandikwa “mgonjwa anasumbua”, asubuhi dozi itaongezwa. Lakini kama kinachomwinua ni akathisia, yaani fukuto la mwilini linaloletwa na dawa yenyewe, nyongeza hiyo ni kuumwagia moto mafuta ya taa. Muuguzi mzoefu huuliza swali jepesi: kinachokuinua ni mawazo au ni miguu? Ambaye saikosisi imemrudia atazungumzia watu wanaomfuata, atazungumzia njama. Mwenye akathisia atashika mapaja yake. Tiba zao zinapishana njia: wa kwanza huenda kweli anahitaji dawa zaidi, wa pili anahitaji ipunguzwe, ibadilishwe, au aongezewe propranololi. Hali hii si ya kuchezea, kwa sababu mtu ambaye mwili wake haumpi hata dakika tano za kukaa anaweza kutamani kufa, bila sauti yoyote kumwamuru.

Kama ingewezekana, neno “anasumbua” lingepigwa marufuku kwenye vitabu vya ripoti. Halisemi kitu. Muuguzi akiandika kwamba mgonjwa ametembea tangu saa 3 hadi saa 7 usiku, anasema miguu inamvuta, anakana kusikia sauti na ameongezewa dawa siku mbili zilizopita, ameshampa daktari nusu ya jibu. Katika fani ambayo haina picha ya eksirei ya kuonyesha wasiwasi, sentensi ya namna hiyo ndiyo maabara.

Halafu kuna homa. Katika ukanda wetu mtu mzima akichemka, wazo la kwanza ni malaria, na mara nyingi ni wazo zuri. Ila kwa mgonjwa anayetumia dawa za saikosisi, homa kali inayoambatana na mwili uliokakamaa, jasho jingi, presha inayopanda na kushuka na akili iliyopotea inaweza kuwa sindromu hatari ambayo wataalamu huiita ya kinyuroleptiki. Hutokea kwa nadra, lakini inaua. Misuli inayokakamaa kwa muda mrefu huanza kuvunjika, na uchafu wake huziba figo. Mtego uko hapa: kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kusoma chanya hata kama malaria siyo inayomkakamaza, maana wapo watu wengi wanaotembea na vimelea bila kuumwa. Kwa hiyo muuguzi haishii kwenye kipimo. Anaukunja mkono wa mgonjwa kwenye kiwiko. Mkono wa mwenye malaria kwa kawaida ni dhaifu, unakunjika. Huu mwingine unakataa mwanzo hadi mwisho, kama tawi bichi. Hapo dozi inayofuata haitolewi, mgonjwa anapoozwa kwa maji, anawekewa dripu, na gari linatafutwa.

Yote haya yanaanzia kwenye trei ya dawa. Wanafunzi wa uuguzi hufundishwa haki tano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Kwenye wodi ya upasuaji haki ya kwanza ni rahisi, unamwita mtu jina anaitika. Kwenye wodi ya akili, mtu anaweza kuitika jina la jirani yake, au akasema leo yeye si yule mliyemlaza jana. Ndiyo sababu muuguzi makini halitaji jina na kungojea “naam”. Hutazama picha kwenye faili kama ipo, humuuliza mwenzake wa zamu, na hasa hujitahidi kuzijua sura kabla ya kuzijua dawa.

Kisha kumeza. Vidonge hukaa chini ya ulimi, hukaa kati ya shavu na fizi, hutemwa chooni, hufukiwa kwenye godoro. Wauguzi huomba mgonjwa afungue mdomo na kuinua ulimi, na ni utaratibu wa lazima, hasa pale ambapo mtu anaweza kuvikusanya vidonge vya wiki nzima ili avimeze siku moja. Lakini kuna kukagua kwa upolisi na kukagua kwa uuguzi. Anayeficha kidonge ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo ina maana kuliko tunavyodhani: kilimkausha mdomo, kilimwondolea nguvu za ndoa, kilimfanya alale mchana kutwa akaitwa mvivu na wanawe mwenyewe. Ukikipata kidonge chini ya ulimi, umepata na mazungumzo. Wengine hukipata kidonge wakayapoteza mazungumzo.

Kwa wasiopenda kumeza, au wanaosahau, ipo sindano ya mwezi. Flufenazini dekanoeti, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Modecate, huchanganywa katika mafuta ya ufuta. Ikishachomwa ndani ya msuli wa tako, mafuta hayo huiachilia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ni sindano yenye adabu zake. Sindano ya kwanza huwa ndogo, kwa kawaida miligramu 12.5, kwa sababu kidonge kikikudhuru unakiacha kesho, bali mafuta yakishaingia hayatoki. Sindano yenyewe iwe nene kiasi, maana mafuta ni mazito. Ngozi huvutwa pembeni kabla ya kuchoma, kisha huachiwa ili tundu lijifunge na dawa isirudi juu. Pasikandwe baadaye. Mwezi huu kulia, mwezi ujao kushoto, na iandikwe kwenye kadi, kwa sababu hakuna anayekumbuka tako la mwezi uliopita.

Ubaya wa sindano ya mwezi ni huo huo uzuri wake. Aliyeikosa ya Machi anaweza kuonekana mzima Aprili. Dawa ya nyuma bado inamalizikia mwilini, na familia inaona: kumbe hata bila sindano yupo sawa. Anapochafukwa Juni, hakuna anayekumbuka Machi. Yanasemwa mengine, ugomvi wa shamba, mirungi, jicho la jirani. Daftari la kliniki ndilo linalojua. Muuguzi anayelifungua kila mwisho wa wiki akatazama nani hakuja, kisha akapiga simu, anazuia kulazwa ambako hakutaonekana kwenye takwimu yoyote, kwani hakukutokea. Mara nyingi jibu la simu ni nauli. Msimu wa masika ni barabara.

Dawa inayodai jicho kali kuliko zote pengine ni lithiamu. John Cade, daktari wa Australia, ndiye aliyeitangaza mwaka 1949 kuwa inatuliza mania, ile hali ya mtu kupandwa na furaha au ukali usio na breki, asilale, atumie fedha zote, aanze miradi kumi kwa siku. Ni dawa nzuri, na kwa wagonjwa wengi wenye hisia za kupanda na kushuka haijapata mbadala. Ila kati ya kutibu na kusumisha pana uchochoro mwembamba. Kiwango kinachotafutwa kwenye damu kwa kawaida ni kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, kikivuka 1.5 sumu huanza kujitokeza. Damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, la sivyo namba inayosomwa haina maana, na kumkumbusha mgonjwa asimeze dozi ya asubuhi kabla ya kuja kupimwa ni kazi ya muuguzi.

Lithiamu ni ndugu wa chumvi, na figo huwachanganya ndugu hao. Mwili ukipoteza maji na chumvi, figo hujaribu kuokoa chumvi na kwa bahati mbaya huokoa na lithiamu. Hapo ndipo maisha yenyewe yanapogeuka hatari. Kuharisha siku mbili kunatosha. Kulima juani Dodoma mwezi wa Oktoba kunatosha. Mgonjwa wa presha akiambiwa na chumba kimoja aache chumvi ghafla, na chumba cha pili hakijui, kiwango kinapanda. Maumivu ya mgongo nayo yana mtego wake: diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka lolote la dawa linauza kama peremende, huizuia figo kuitoa lithiamu. Hakuna muuza duka anayeuliza.

Na ipo Ramadhani. Mtu anayefunga pwani, kwenye joto, bila tone la maji tangu alfajiri hadi magharibi, na anayetumia lithiamu, anahitaji mpango. Pengine dozi itahamishiwa usiku, pengine damu itapimwa mapema, pengine daktari atamshauri asifunge, na mgonjwa atakwenda kuzungumza na shehe wake kuhusu ruhusa aliyonayo. Hayo ni mazungumzo ya Shaabani. Muuguzi anayengoja hadi katikati ya mfungo atakuta mgonjwa ameshaamua mwenyewe, ama kwa kuacha dawa kimya kimya, ama kwa kumeza dozi mbili pamoja wakati wa kufuturu.

Dalili za sumu ya lithiamu zinaonekana kwa macho. Mtetemo mwepesi wa vidole ni wa kawaida kwa wengi wanaoitumia. Mtetemo mkubwa, wa mkono usioweza kupeleka kikombe cha chai mdomoni, si wa kawaida. Ongeza kutapika, kuharisha, maneno yanayoburuzika, kutembea kama mlevi. Na kwa kuwa anatembea kama mlevi, kuna hatari ya kuchukuliwa kuwa mlevi kweli. Vituo vingi vya afya havina kipimo cha lithiamu. Kumwambia mgonjwa anyooshe mikono, vidole vikiwa vimetanuliwa, hakuhitaji umeme.

Kuna malalamiko mengine ambayo hayaingii kwenye chati yoyote lakini kila kliniki inayasikia: “Dawa hizi zinataka kula.” Olanzapini na klopromazini, miongoni mwa nyingine, huamsha njaa isiyo ya kawaida. Katika nyumba yenye chakula cha kutosha, matokeo ni unene, sukari na presha, na muuguzi anapaswa kumpima mgonjwa uzito na kiuno tangu siku ya kwanza, siyo siku suruali ilipokataa kufunga. Katika nyumba inayopika mara moja kwa siku matokeo ni mengine. Mgonjwa anakula sehemu ya wadogo zake, anatazamwa, anaona aibu, anaacha dawa. Kwenye faili huandikwa “hafuati masharti ya dawa”. Sharti lililomshinda ni sufuria. Muuguzi hana chakula cha kugawa, lakini anaweza kuligundua hilo kwa kuuliza “jana mlikula nini na saa ngapi” kabla ya kutoa hotuba juu ya umuhimu wa dawa, na anaweza kumshauri daktari dawa ambayo haichokonoi njaa kiasi hicho.

Kwa wanawake orodha ni ndefu zaidi, na husemwa kwa sauti ya chini. Dawa kadhaa za saikosisi hupandisha homoni ya maziwa. Hedhi inakatika, matiti yanatoa maziwa, na binti ambaye hajaolewa anaulizwa maswali nyumbani. Mwingine, kwa kuwa haoni siku zake, anaamini hawezi kushika mimba, naye anashika. Kipimo cha mimba hapo huondoa ubishi pande zote mbili. Kabamazepini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango pamoja na vijiti vya mkononi, na pia hupunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa ya virusi vya Ukimwi ambayo kwa mtu wa namna hii hulazimu kumezwa mara mbili kwa siku badala ya moja. Kliniki ya akili na ya tiba ya VVU huweza kuwa milango miwili kwenye korido moja, mgonjwa akawa na kadi mbili, na kadi hizo zisionane kamwe mpaka muuguzi mmoja aseme: hebu nione na hiyo nyingine. Valproeti ndiyo inayotisha zaidi. Kati ya watoto kumi waliokuwa tumboni wakati mama akiitumia, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya kimaumbile, na zaidi ya hapo wengi huchelewa kukua kiakili. Msichana anayepewa dawa hiyo bila kuulizwa habari za uzazi ametendewa uzembe, hata kama alitendewa kwa upole.

Klozapini inastahili neno moja, kwa kuwa inazidi kuonekana. Iliondolewa katika nchi kadhaa baada ya wagonjwa nchini Finland kufariki mwaka 1975, chembe nyeupe za damu zikiwa zimewaishia, kisha ikarudishwa kwa sharti la kupima damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, kwa kuwa hakuna inayoizidi kwa saikosisi iliyoshindikana. Wauguzi wameshikilia kipimo cha damu, na ni sawa. Wanalolisahau ni choo. Klozapini hupunguza mwendo wa utumbo hadi unaweza kusimama, na watu wamekufa kwa kufunga choo. “Umepata haja kubwa lini?” si swali la kumwonea haya mtu mzima.

Dawa za sonona zina ratiba yake. Amitriptilini na fluoksetini huchukua wiki mbili hadi nne kabla mgonjwa hajaona nafuu ya moyo, wakati mdomo mkavu, kizunguzungu au kichefuchefu huja siku ile ile. Asiyeambiwa hivyo ataacha siku ya tano kwa hesabu nzuri kabisa: amepata hasara bila faida. Aidha, nguvu za mwili huweza kurudi kabla ya matumaini, na siku hizo ndizo za kumkaribia zaidi. Amitriptilini ikimezwa kwa wingi huparaganya mapigo ya moyo, hivyo anayewaza kujiua hapewi za mwezi mzima. Hupewa za siku chache, na boksi linakaa kwa ndugu.

Kuna jambo jingine dogo, nalo ni la kwetu. Chati ya wodi inasema 20:00. Muuguzi anamwambia ndugu “saa mbili usiku”, na hapo hakuna tatizo. Tatizo ni bahasha ya dawa iliyoandikwa kwa Kiingereza saa 8, ikasomwa na mtu anayehesabu kwa Kiswahili: saa nane ni mchana, au ni usiku wa manane. “Kutwa mara mbili” nayo wengine huimeza asubuhi na mchana, kwa sababu kutwa ni mchana na usiku ni usiku. Kwa benzheksoli, ambayo hutolewa kuzuia ukakamavu na ambayo ikimezwa jioni huweza kufukuza usingizi, kosa hilo lingekuwa heri. Kwa klopromazini, inayolaza, ni fundi anayesinzia juu ya ngazi. Wauguzi wazuri hawataji saa. Wanasema: baada ya chai, na baada ya kula usiku kabla hujalala. Na kwa klopromazini wanaongeza mawili: ukiamka keti kwanza kitandani ndipo usimame, maana presha hushuka ghafla, na hata kwenye kuinuka kutoka sijida jiinue taratibu, na ukienda shambani au baharini funika kichwa na mikono, kwa kuwa ngozi yako sasa inaungua upesi.

Turudi barazani. Tuseme shangazi, baada ya kubishana na majirani, amechukua pikipiki, kijana katikati, hadi kituo cha afya. Muuguzi wa zamu ya usiku ana umri wa binti yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mwenzio huyu kaingiliwa, lakini wamesema nimlete huku kwanza.”

“Pole sana mama. Kuna dawa yoyote ameanza wiki hii?”

Shangazi anafungua fundo la khanga na kutoa bahasha iliyokunjwa mara nne. Muuguzi anaisoma, anamtazama kijana machoni, yale macho yaliyopanda darini, na kumwambia yeye mwenyewe kwanza, siyo shangazi: “Najua unanisikia. Hii ni dawa, itaachia sasa hivi.” Anaangalia anavyopumua. Anamwita tabibu, sindano inachomwa, na anavuta kiti akae karibu. Kabla ya nusu saa shingo imeanza kulegea. Kijana anaomba maji, anayanywa kwa mikono miwili.

Anaondoka na benzheksoli ya siku chache, dozi ya haloperidoli ikiwa imepunguzwa hadi Jumatatu, siku ya kliniki. Kwenye kadi, kwa herufi kubwa, muuguzi ameandika jina la dawa, tarehe, na maneno matatu: SHINGO ILIPINDA, SINDANO. Anamtaka shangazi amsomee alichoandika, lakini miwani imebaki nyumbani. Anayeipokea kadi na kuisoma kwa sauti, akikosea jina la dawa mara mbili na kusahihishwa, ni kijana, mkono mmoja ukiwa bado umeshika shingo inayouma.